Simu ya Kufuli

Juzi nilimpeleka Mama sokoni Kwa Vonza. Alipokuwa akichagua nyanya, mimi nilisimama kwa muuza vyuma wa kando, mbele ya simu ya mezani iliyofungwa kufuli ndogo kwenye gurudumu la namba, kama yetu ya zamani kule Matiliku. Nilibonyezabonyeza kitufe pale mkono wa simu unapolazwa. Ta-ta-ta.

Sauti hiyo niliijua.

Enzi hizo Baba alitembea na ufunguo wa kufuli, lakini bili ilionyesha kwamba kila mchana kulikuwa na mtu aliyepiga simu Mombasa kutoka kwetu. Fundi wa simu alikuja akinuka sigara, akavuta nyaya, akasikiliza.

"Laini iko sawa, mzee. Anayepiga yuko humu ndani."

Baba alimtazama Mwende, msichana wetu wa kazi. Mwende aliapa si yeye, lakini jioni hiyo alirudishwa kwao Kilungu, vidole bado vinanuka mbaazi. Kila mchana mimi na yeye tulibambua mbaazi nyuma ya jiko, na kutoka sebuleni, ambako Mama alikuwa akisoma Biblia, nilisikia ta-ta-ta. Nilidhani ni mjusi nyuma ya kalenda. Hakuna aliyeniuliza habari za mjusi.

"Hata ikifungwa inapiga," muuza vyuma aliniambia. "Unagonga hapo tu, namba kwa namba: tatu, mara tatu."

Nikagonga tena, polepole. Mama alikuwa bado amenipa mgongo, nyanya mkononi.

"Wacha hiyo simu," alisema, kabla hajageuka.