Rafu ya Vita: Miaka Yangu ya Kupendekeza Tamthilia na Vitabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa kaseti sita ndani ya mfuko wa karatasi na kuniambia nirudi nyumbani. Nilidhani nimefutwa kabla sijaanza.

"Hapana," akasema, "hiyo ndiyo kazi. Enda utazame zote. Alhamisi uniambie nani alilia, alilia wapi, na kama alikuwa na sababu."

Duka lilikuwa orofa ya kwanza katika Mtaa wa Biashara, juu ya muuza vitambaa. Tulikodisha tamthilia na vitabu: kanda upande wa kushoto, vitabu upande wa kulia, na kaunta ya mbao katikati. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Diski zilikuwa zimeanza kuingia, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa na mashine ya kaseti. Msomaji kijana huenda hajui kwamba kila kaseti ilipaswa kurudishwa mwanzo baada ya kutazamwa, na kwamba mkanda ukiliwa, yaani ukinaswa ndani ya mashine, tuliukata kwa wembe na kuuunga kwa utepe wa gundi. Sekunde mbili za hadithi zilipotea hivyo. Wateja makini walizidai.

Sheria za Meneja zilikuwa mbili. Ya kwanza, usipendekeze kitu ambacho hujakimaliza wewe mwenyewe. Ya pili, kila mteja awe na kadi. Juu ya kadi tuliandika jina lake, chini yake kila alichochukua, na pembeni mahali alipoachia kama hakumaliza. Meneja alisema mahali mtu anapoachia hadithi panaeleza mengi kumhusu kuliko anachosifu.

Mkurugenzi, mama mtulivu aliyerithi duka kutoka kwa babake, ndiye aliyenikabidhi rafu ya vita vikuu viwili vya dunia. Wenzangu waligombea mapenzi na vichekesho. Vita havikuwa na mwenyewe. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na mengi niliyoyajua niliyapata kwa kujisomea saa ya chakula cha mchana. Nilinunua ramani ya dunia, nikaibandika nyuma ya kaunta, kisha nikaipanga rafu yote kwa mahali palipopiganwa: Ulaya Magharibi, Urusi, Afrika Kaskazini, Burma, baharini. Vita vya kwanza vilipata ubao wa chini peke yao. Hata kampeni ya Afrika Mashariki, iliyowamaliza wapagazi wetu kwa maelfu, ilikuwa na vitabu viwili tu, na kimoja hakikuwa na jalada.

Niliupenda mpangilio ule. Wateja waliupenda pia, wakaanza kuniita Jenerali.

"Jenerali, sasa! Ile ulinipa nilishindwa," akasema siku moja karani mmoja wa bima.

"Ulishindwa wapi?"

"Kwa handaki. Boss, hao watu wanakaa tu kwa matope wakingoja!"

"Vita vya kwanza vilikuwa hivyo."

"Basi nipe vya pili. Vya pili viko na ndege."

Nilimpa vya pili, nikaandika kwenye kadi yake: hapendi kungoja. Mwezi uliofuata nilimpa kitabu chembamba cha barua za wanajeshi wa mahandaki, akakimaliza kwa siku mbili na kurudi akiulizia tamthilia ile ile ya handaki iliyomshinda. Ndivyo nilivyofikia kanuni yangu: tamthilia kwanza, kitabu baadaye. Tamthilia humpa mtu nyuso za kuwajali; kitabu humweleza kwa nini nyuso hizo zilikuwa pale. Ukianza na kitabu chenye ramani ishirini, mteja atakirudisha kikiwa safi kama alivyokichukua.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa tawi la Kileleshwa, nikawa Msimamizi wa Tawi, cheo kilichomaanisha kwamba nilifungua mlango na kufagia. Wateja wa huko walikuwa watu wa mishahara waliopitia dukani wakitoka kazini. Mmoja wao alikuwa Mama Njoki, katibu katika shule ya jirani, aliyeishi Kinoo pamoja na babake. Alipenda tamthilia za familia na hakuwahi kugusa rafu yangu, mpaka jioni moja alipokuja moja kwa moja mbele yake.

"Bwana Mutua, Mzee wangu alienda ile vita ya pili. Burma. Walienda wawili, yeye na ndugu yake Mbugua. Alirudi peke yake."

"Pole sana. Mbugua alifia huko?"

"Hiyo ndiyo shida. Hatujui. Hasemi. Shamba la Mbugua mpaka leo haligawanywi, ndugu zangu wakiuliza anainuka anaenda zake. Sasa ako na miaka themanini na kitu, na juzi alilazwa. Akienda na hiyo maneno, nani atatuambia? Nataka kitu tutazame naye, labda atafunguka."

Sikufikiri hata dakika moja. Amesema Burma, na mimi nina ubao wa Burma. Nilimpa tamthilia ya sehemu nane iliyosifiwa kwa usahihi wake: msitu, mvua, risasi, majeruhi kwenye machela. Nilijivunia hata kumwambia kwamba sare zilikuwa sawasawa.

Jumatatu alirudi, akaiweka diski kwenye kaunta kwa kishindo.

"Mutua, umenifanyia nini?"

"Hakuipenda?"

"Hakuipenda! Dakika kumi hazijaisha, ameinuka amechomoa waya kwa ukuta. Siku nne hajaongea na mtu. Hata chai anakunywa akiangalia mlango. Nilikuomba umfungue, wewe umemfunga na kufuli."

Mchana wa kesho yake nilipanda hadi Mtaa wa Biashara kumweleza Mkurugenzi, nikitarajia aniambie kwamba mambo kama hayo hutokea. Alisoma kadi ya Mama Njoki mbele na nyuma.

"Umempa mahali," akasema. "Huyu mama alikuuliza mahali?"

"Alisema Burma."

"Mzee anapajua Burma kuliko rafu yako, Mutua. Ulimuuliza yeye ni mtu wa aina gani? Ulimuuliza hata kitu kimoja?"

Sikuwa nimeuliza. Kosa langu lilikuwa la mtu aliyeipenda rafu yake mno. Nilimpigia simu Mama Njoki shuleni, nikaomba msamaha, kisha nikamwomba anieleze siku ya babake ilivyo, tangu asubuhi. Alinieleza kwa ukavu mwanzoni: ng'ombe, redio, kanisa. Halafu akasema kitu alichokiona cha kawaida kabisa. Babake hakuwahi kufungua barua. Hata ya bili ya stima au ya kanisa, alimpa mtu mwingine aifungue na kuisoma, ingawa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwinjilisti. "Huko jeshini yeye ndiye alikuwa anaandikia wenzake barua za nyumbani," akasema. "Hiyo tu ndiyo aliwahi kutuambia."

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Kwenye ubao wa Ulaya, mwisho kabisa, nilikuwa na tamthilia ya sehemu sita ambayo hakuna aliyeikodisha kwa sababu haikuwa na mapigano. Ilihusu mji mdogo wa Uingereza na mwanamke aliyesambaza barua kwa baiskeli wakati wa vita vya pili, akiwaletea watu habari njema na mbaya. Niliitazama upya yote, ingawa niliwahi kuimaliza. Kisha nikampelekea Mama Njoki na kumwambia asimlazimishe Mzee kukaa. Aiwashe tu baada ya ibada ya Jumapili, yeye mwenyewe akimenya viazi.

Alikuja Jumanne. Safari hii alisubiri wateja wote waondoke.

"Aliangalia mbili, akasema ile baiskeli ni nzuri. Ya tatu, kuna yule mama anapata barua ya kijana wake, na wewe unajua kijana amekufa tayari. Hapo akasema, 'Simamisha.' Nikasimamisha. Akaniambia, 'Mimi niliandika nne.'"

"Nne gani?"

"Barua, Mutua. Mbugua alikufa kwa homa, huko kwa mvua. Si risasi. Baba akashindwa kumwandikia cucu. Kwa hivyo akaandika kama yeye ndiye Mbugua. Mara nne."

Cucu, yaani bibi yake Mama Njoki na mama wa ndugu hao wawili, hakujua kusoma. Mwinjilisti wa kijiji ndiye aliyemsomea. Ikatokea kwamba taarifa ya jeshi ilipofika, ikiletwa na chifu, tayari alikuwa na barua ya Mbugua iliyoandikwa baada ya tarehe ya kifo iliyosomwa na chifu. Alimfukuza chifu uani. Vita vilipoisha na mwanawe mmoja akaingia langoni peke yake, alimuuliza mwenzake yuko wapi. Naye akajibu, "Atakuja na meli nyingine."

Cucu aliingoja meli hiyo mpaka alipofariki. Ndiyo sababu shamba la Mbugua halikugawanywa: aliyekataza ni yeye, na mwanawe hakuthubutu kumwambia mtu yeyote kwamba hakuna wa kungojewa.

"Ulimjibu nini?" nikamuuliza Mama Njoki.

"Nilikasirika. Halafu nikaona safari hii hajainuka, nikamwekea sehemu ya nne."

Wiki iliyofuata niliishusha rafu yote. Sikuipanga tena kwa mahali palipopiganwa. Nilipanga kwa watu: waliopigana, waliobeba, waliotibu, waliongoja. Ubao wa waliongoja ukawa ndio unaokodishwa kuliko yote, na hata karani wa bima, aliyenitangulia kuhamia upande wa Kileleshwa, aliumaliza.

Mzee Njuguna, babake Mama Njoki, alianza kuja mwenyewe, akiwa na kofia na fimbo. Nilimtafutia kitabu cha ofisa mmoja wa Kiingereza kilichokuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu askari wa Afrika Mashariki waliotengeneza barabara kwenye matope. Nilimsomea. Akanikatiza kwa fimbo.

"Anasema matope yalifika magotini? Yeye alikuwa amepanda gari. Yalifika hapa," akasema, akijipiga paja. "Andika kando." Nikaandika kando kwa penseli, jambo ambalo Meneja angenifuta kazi kwa ajili yake.

Mwishoni mwa muongo huo diski za kunakili, zilizouzwa barabarani kwa bei ya kutupa, zilikuwa zimejaa mjini. Tawi la Kileleshwa lilifungwa, nikamalizia kazi Dagoretti Corner, katika chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri, na hatimaye Mkurugenzi akaamua kufunga kabisa. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Wanaoniuliza leo waanze wapi na vita vile huwa siwatajii kichwa cha kitabu mara moja. Huwauliza kwanza nyumbani kwao nani alikwenda, na nani alibaki.

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, Mzee Njuguna alikuja na bintiye. Alitoa bahasha ndani ya koti na kuiweka kwenye kaunta.

"Wewe ndiye unajua watu wanaachia wapi," akasema. "Soma uniambie kama mtu atamaliza."

Ilikuwa barua, ukurasa mmoja, mwandiko ulionyooka kama wa mwalimu. Ilianza kwa neno Mama. Ilisema Mbugua alikufa kwa homa asubuhi, mvua ikinyesha, kwamba aliomba maji na akapewa, na kwamba barua nne zilizofuata hazikuwa zake.

"Watamaliza, Mzee," nikasema.

Aliisoma Kinoo Jumapili iliyofuata, mbele ya wanawe, wajukuu na mchungaji, nami nilialikwa. Aliisoma akiwa amesimama, bila miwani. Alipomaliza, aliyeanza kusema ni dadake mdogo, Nyambura, bibi kizee aliyekuwa mtoto wa kike wa miaka saba wakati barua zile zinasomwa nyumbani.

"Katika ile ya pili," akasema, "uliandika kwamba Mbugua amenenepa."

"Niliandika," Mzee akasema. "Nisamehe."

"Mama alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Alizunguka kwa majirani wote akiwaambia mwanawe amenenepa." Alimvuta kaka yake mkono ili aketi kando yake. "Sasa niambie ukweli. Alikuwa amekonda sana?"

Mzee Njuguna akaketi, akaanza kumwambia.