Kamba ya Shosho

Nilianza kushona kwa sababu nilikuwa nimechoka kufikiri. Cheti changu cha takwimu kilikuwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Barua za kuomba kazi nilikuwa nimezituma nyingi hadi nikaanza kuota nikizisahihisha. Na pale dirishani cherehani ya mama ilikuwa imefunikwa leso, haijaguswa tangu vifundo vya mikono yake vilipoanza kuvimba.

Nikawa naenda Soko la Toi kununua mashuka ya mitumba yaliyochanika, nayaleta nyumbani mtaa wa Raila, nayakata na kujaribu kuyashona. Mwanzoni uzi ulijikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Nikatazama video kwenye simu, nikaandika kwenye karatasi sababu saba zinazoweza kuleta shida hiyo. Mama aliinuka kitandani, akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaigeuza, akairudisha.

"Uliiweka kinyume," akasema. "Hiyo karatasi itafutie kazi ingine."

Jirani yetu, anayekaanga mandazi mlangoni pake, alinisikia nikikanyaga cherehani kila asubuhi. "Niaje, digrii!" alinipigia kelele. "Ukimaliza kushona utaolewa na nani?"

Nilitumia siku nzima nikijiuliza alimaanisha nini. Hakumaanisha kitu. Jioni alinipa mandazi mawili na suruali ya mtoto wake iliyopasuka.

Foronya zilipoanza kutoka zimenyooka, nikaamua kumshonea mama mfuko wa kufunga kwa kamba, aweke dawa zake. Kamba niliipata ndani ya mkebe wa vifungo. Ilikuwa na mafundo manne yaliyokazwa sana. Nililegeza moja baada ya jingine kwa ncha ya sindano, karibu saa nzima, huku nikijisifu kwamba huo ndio uvumilivu ambao waajiri huutafuta. Kisha nikaipitisha kwenye pindo la mfuko.

Mama hakuwahi kuuamini utepe wa kupimia. Kila mteja alimpima kwa kamba yake, akafunga fundo penye bega, kifua, kiuno na urefu, kisha akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango ikiwa na kipande cha kitambaa cha mwenyewe. Hizo nilizijua tangu utotoni na nisingethubutu kuzigusa. Lakini ile ya mkebeni haikuwa na kitambaa. Sikufikiri. Mimi, ninayefikiri hata kabla ya kusalimia watu, siku hiyo sikufikiri.

Jumatatu iliyofuata mama alirudi na kitenge cha kijani. Shangazi, ndivyo ninavyomwita dada mdogo wa mama, anayeishi na mama yao, shosho, huko kijijini, alikuwa amepiga simu kusema shosho ametoka hospitalini na anataka kwenda kanisani. Jirani wa mandazi naye alikuwa akisafiri kwenda huko Jumamosi.

"Gauni litaenda naye," mama akasema. "Mimi nitakata, wewe utashona. Kamba ya shosho iko kwa mkebe wa vifungo."

Nikasema nitaitafuta. Mfuko wa dawa ulikuwa umening'inia pale karibu na kichwa chake.

Kwa siku mbili nilitafuta njia ya kutokusema. Nilichukua picha ya siku niliyohitimu, shosho akiwa amesimama kando yangu, nikapima kwa rula urefu wangu na upana wa mabega yake, nikapiga hesabu ya uwiano. Nilipata jibu. Nikarudia, nikapata jibu jingine. Jumatano, mama alipokwisha kutandaza kitenge mezani na kushika chaki, nikauchukua ule mfuko, nikachomoa kamba, nikamwekea mkononi.

"Nilifungua mafundo, mama. Sikujua ni yake."

Aliivuta katikati ya vidole, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta mahali pa kusimama. Nilisubiri anifokee. Aliketi.

"Nilimpima kabla augue," akasema hatimaye. "Nilijua haitamtosha tena. Nilikuwa nakataa tu kumpima upya."

Akampigia shangazi, akaweka simu kwa spika. Shangazi hakuwa na utepe, hakuwa na kamba karibu, kwa hivyo alimpima shosho kwa shubiri za mkono wake. Kila alipotaja idadi, mama alipima shubiri hizo kwenye kamba kwa mkono wake na kufunga fundo. Kila fundo lilikuja mapema kuliko nilivyokumbuka. Tulipofika kiunoni mama aliomba shosho apimwe mara ya pili.

Nyuma ya sauti ya shangazi tukamsikia shosho. "Mwambieni asininyime kitambaa! Mimi nitanenepa!"

Mama akacheka, na akajifuta macho kwa pindo la kitenge hichohicho.

Alikata. Mimi nikakaa kwenye cherehani. Nikamwuliza niache nafasi kiasi gani ndani ya mshono, nikitaka anipe sentimita kamili. Aliweka vidole viwili juu ya kitambaa. Akavitazama. Akaongeza viwili.

"Si itakuwa nzito ubavuni?" nikauliza.

"Wacha iwe nzito. Akinenepa, watafumua na kulipanua."

Nilishona Alhamisi na Ijumaa, nikafumua bega moja mara tatu, na Jumamosi asubuhi jirani akalikunja gauni ndani ya begi lake. "Digrii," akasema, "likichanika njiani nitasema ni langu."

Jumapili shangazi alipiga simu baada ya ibada. Nilimwuliza kama mabega yamekaa sawa, kama pindo limenyooka, kama shosho amelalamika. Akasema hayo hakuyaangalia. Alichokiona ni kwamba, kabla ya kulivaa, shosho alilipindua gauni ndani nje, akapapasa mshono wa ubavuni, akapima kile kitambaa kilichokunjwa kwa vidole vyake vinne.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha akaomba uji, akamaliza kikombe."