Gicheru Ajifunza Kupiga Teke

Mwaka wa 1986, Evanson Gicheru akiwa na miaka arobaini na mitatu na kitambi cha mwenye duka, alianza kujifunza taekwondo. Mji mzima wa Matiliku ulimcheka, nami siwalaumu, maana mzee mzima aliyevaa suruali ya amerikani akihesabu "hana, dul, set" kwa Kikorea anachekesha kweli. Ila waliocheka walijua vizuri kilichompeleka. Majambazi wawili walikuwa wameingia dukani kwake mchana kweupe, wakampiga mkewe Wariara mpaka akaanguka, naye Gicheru akabaki nyuma ya kaunta ameganda. Wariara hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Aliapa kwamba hakuna mtu atakayemgusa mkewe tena yeye akitazama.

Mwalimu alikuwa Jonah Muthama, askari mstaafu aliyeupata mchezo huo Nairobi, na darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi. Vifaa vya kujikinga havikuwepo, si vya kichwa si vya kifua. Kwa hiyo Jonah aliweka sheria moja kali: teke la uso lisimame vidole viwili kabla ya kufika. Atakayemgusa mwenzake atapiga pushapu hamsini kwa ngumi, huko nje kwenye kokoto. Miezi ya kwanza Gicheru alichubuka ngumi zote mbili, maskini. Kufikia mwaka wa tatu mguu wake ulikuwa ukisimama wenyewe bila yeye kuufikiria, na Jonah akawa anamwita mbele wenzake waone.

"Angalieni huyu mzee," alisema siku moja. "Mguu imefika kwa pua na pua haijui. Hiyo ndio kazi safi."

Gicheru alirudi nyumbani siku hiyo amevimba kichwa kwa sifa.

Agosti 1989, siku isiyo ya soko, saa nane mchana, jambazi mwingine aliingia na rungu, akamkaba Wariara shingo. Safari hii Gicheru hakuganda. Alizunguka kaunta mbio, mguu wa kulia ukapaa mpaka usawa wa shavu la yule mtu, ukasimama. Vidole viwili. Jambazi mwenyewe alishangaa, akapepesa macho. Kisha akamshushia Wariara rungu usoni, na jicho lake la kushoto halikuona tena.

Hospitalini Wariara alimwita kwa jina la binti yao, kama kawaida yake.

"Baba Gathoni, nilikuona. Ulikuwa umemfikia. Mbona ulimhurumia?"

Gicheru alimweleza yote: sheria ya Jonah, kokoto, mguu uliozoea. Wariara alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile mara ya kwanza uliogopa," alisema, "na nikakusamehe siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuogopa. Lakini hii sijui nitaisamehe vipi."

Akageukia ukuta.