Heshima Niliyopewa Mteremkoni

Nakiri kwamba elimu yote ya chuo kikuu haikunifundisha kukataa sifa nisiyoistahili. Tangu petroli ilipopanda bei, nimejizoeza kuzima gari langu kuukuu juu ya mteremko wa Masingini na kuliacha liserereke lenyewe. Juzi nilikuwa nimempakia mama, na chini tukakuta watu wamebeba jeneza. Gari likasimama nyuma yao bila sauti.

Mzee mmoja akaja dirishani, machozi yakimlengalenga. "Wenye magari hutupigia honi, mwanangu. Wewe umezima kwa heshima ya ndugu yangu. Mungu akulipe."

Hapo nilipaswa kusema kweli. Badala yake niliinamisha kichwa nikajibu, "Ni wajibu wetu, mzee wangu."

Mama, ambaye hujivunia uangalifu wangu wa pesa kila aendako, akachungulia kutoka kiti cha nyuma. "Huyu kazima tangu juu kule, kaka. Kila mteremko huzima. Petroli ghali."

Sikuwa na pa kuutia uso wangu. Mzee akanifungulia mlango taratibu.

"Basi shuka utupokee," akasema. "Jeneza halitaki petroli."