Mfereji Kwenye Mlango wa Friji

Friji lenyewe lilikuja likinuka. Mume wangu alilichukua kwa muuza samaki mmoja hapa Wete, akalishusha ukumbini kwangu, na nilipolifungua nikakutana na maji meusi na magamba ya samaki changu yaliyogandia kwenye mpira wa mlango. Nililisugua siku tatu kwa ndimu na sabuni ya unga. Ndiyo, mimi. Nalitaja hilo mapema, asije mtu akadhani nilikaa pembeni nikitazama.

Alikuwa amerudi kutoka Unguja, alikohudumia watalii hotelini miaka mingi, na alirudi na maneno ya biashara. Atatengeneza maji ya shayiri yenye gesi, baridi, yanayotoka kwa mfereji wa kufungua na kufunga kama hotelini. Shayiri tunapikia uji, hamira tunatilia maandazi, ningeshtuka nini? Palikuwa na pakiti ya majani makavu machungu, akasema ni ya kuzuia yasiharibike. Nikaamini. Akatoboa mlango wa friji kwa drili, mimi nimelikumbatia lisitikisike, akapitisha mpira, akafunga mfereji kwa nje. Ndani akaweka pipa dogo la chuma na mtungi wa gesi. Nikajisifu kwa majirani, mjinga mimi, kwamba nimeolewa na fundi.

Ndoo aliyochachulia ndiyo iliyonitia kinyaa. Juu ilifanya povu la rangi ya usaha, chini tope, na nyumba nzima ikanuka kama nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni. Yale maji yalipotiwa kwenye pipa na kupoa, nikaonja funda moja, nikalitema. Machungu! Lakini machungu kwetu ni dawa, na mama yangu, aliyesomesha watoto Kurani tangu sijazaliwa, alikuwa akilalamika tumbo kujaa. Nikafungua mfereji, nikajaza jagi, nikampelekea nyumba ya pili. Akanywa bilauri mbili, akacheua, akasema alhamdulillahi.

Niliporudi nikamkuta mume wangu na mwenzake wa hotelini aliyekuja kumtembelea. Mgeni ana bilauri mkononi na povu mdomoni. "Bia yako safi, bwana," anamwambia. "Wale wageni wetu wangeililia."

Mgeni aliniona uso, akaaga bila kumaliza alichoshika.

"Mama kanywa," nikamwambia mume wangu. "Nimempelekea mwenyewe."

Haya hakuwa nayo. Aliupangusa mfereji wake kwa kitambaa, taratibu, akasema, "Kanywa hajui, hana dhambi. Ukimwambia ndo utamuua. Sasa ajuaye ni wewe."

Niliung'oa ule mpira wa mfereji kwa mikono yangu. Bia ikaniruka usoni, puani, kifuani, ikaloweka kanga mpaka ndani. Nilioga, nikaoga tena, nikaichoma ile kanga uani, na bado nikijinusa mkono nilikuwa naisikia. Yeye aliniangalia kama mtu aliyevunjiwa vyombo vya thamani. Kesho yake alilipakia friji kwenye gari akaondoka nalo, sikuuliza wapi. Mpaka leo akinisogelea kitandani nampa mgongo, na simwambii kwa nini, maana anajua.

Siku ileile ya kulitoa friji nilikwenda kwa mama nikiwa nimeazimia kumwambia. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Nilimkuta kwenye mkeka, katoka kusali, uso umemchangamka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Mtu huyu alimkataa mume wangu tangu siku ya posa.

"Kinywaji kile kyanipoza tumbo," akaniambia. "Nimelala usingizi wa raha. Nkwe wangu kajaaliwa. Kipo kyengine?"

"Mashine imeharibika, mama."

"Masikini! Basi mwambie asivunjike moyo."

Nikafungua mdomo. Nikaangalia kile kinywa chake, kilichowafundisha Alhamdu watoto wa mtaa mzima na mimi mmoja wao, na nilichokimiminia bia kwa mkono wangu.

Kabla sijasema neno akainua mikono kumwombea mume wangu. Mungu ambariki, aibariki kazi ya mikono yake, amzidishie riziki ya halali. Akaomba kirefu, machozi yakimlengalenga, kisha akanigeukia, akisubiri niitikie.

Nikaitikia amina, kwa sauti, ili asikie.