Poda Juu ya Rangi Mbichi

Masharti yalikuwa haya: turubai moja ya sentimita sitini kwa themanini, rangi za mafuta, saa nne za mwanga wa Agosti katika ua wa nyumba moja ya Lubumbashi, na wageni wasiozidi ishirini na watano. Niliombwa nimchore bibi harusi papo hapo, sherehe ikiendelea. Kesho yake angesafiri na mumewe kwenda kuishi ng'ambo. Picha ingebaki na nyanya yake, aliyetoka Pweto kuja kumuaga na ambaye hakutarajia kumwona tena.

Rangi ya mafuta haiharakishwi. Nilianza na vivuli, kama nilivyofundishwa, nikauacha uso mpaka mwisho.

"Prof," mjomba wa bibi harusi alinitania, "masaa mbili yote na muke hana pua! Bwana yake atakimbia."

Kufikia saa kumi na moja pua ilikuwapo, na macho, na ule utulivu wa paji la uso nilioutafuta alasiri nzima. Nilirudi nyuma hatua tatu kuutazama.

Ndipo nyanya alipoinuka na kopo lake la poda. Katika familia ile, anayefikia siku ya heri hupakwa weupe usoni na wakubwa wake, ndiyo baraka. Alimpaka mjukuu wake mashavu yote mawili, vigelegele vikapanda. Kisha akaja kwenye turubai, akachovya tena vidole.

"Kambo, acha!" bibi harusi alimaka, akimshika nyanya yake mkono. "Rangi haiyakauka!"

"Weye nimeisha kukupaka," nyanya alijibu bila kugeuka. "Weye unaenda. Huyu njo atabakia na miye. Atabakia bila baraka?"

Nilikuwa na nafasi ya kumzuia, sikuitumia. Nimesoma mengi kuhusu picha zinazoheshimiwa kama watu, na nimeyafundisha, lakini sikuwahi kusimama umbali wa mkono kutoka kwenye jambo lenyewe. Vidole viwili vilishuka taratibu juu ya shavu nililolijenga kwa saa nzima. Kisha akainama, akayapuliza macho yale ya rangi, poda isiyaingie.

Shavu lilibaki na mifuo miwili myeupe, chembe za poda zimezama katika mafuta. Nilisafisha brashi zangu, sikuligusa tena. Nyanya aliahirisha safari ya Pweto kwa wiki tano, hadi picha ilipokauka, akaondoka nayo.