Amri ya Mgonjwa

Ne' Sampe, yaani Babu Sampe, alikuwa mkulima wa mpunga, lakini sisi Watoraja tulimjua zaidi kwa badong, wimbo wa mazishi ambao wanaume huuimba wakiwa wamesimama duara na kushikana vidole vidogo. Yeye ndiye aliyeuongoza.

Bwana wetu, Puang Palimbong, alipokata roho, alilazwa chumba cha nyuma. Kwetu mtu hafi mpaka nyati wa kwanza achinjwe. Kwa hiyo aliitwa mgonjwa, akapelekewa wali na kahawa, na amri zake zikabaki palepale.

Mojawapo ilimhusu Sampe. Kaka yake, Rante, alithubutu kumposa binti wa nyumba kubwa, ya ukoo wa mabwana. Puang akamfukuza. Rante akafia mbali, mjini Makassar, na hata mifupa yake ikakatazwa kurudi. Sasa Sampe alitakiwa kumwimba Puang, tangu kuzaliwa kwake mpaka roho yake ifike nyotani, wanakokwenda wafu wetu.

Asubuhi moja tulikwenda kumjulia hali mgonjwa. Sampe aliweka kikombe cha kahawa kando yake.

"Puang, niruhusu nimlete Rante nyumbani, nami nitakuimba vizuri."

Tukangoja. Inzi akatua ukingoni mwa kikombe.

"Amekubali?" Sampe aliniuliza.

"Mimi nilisomeshwa na wamisionari, Ne'. Hilo hawakutufundisha."

Indo' Limbong, yaani Mama Limbong, mke wa Puang, alicheka huku akitafuna tambuu. "Maisha yangu yote namwuliza mambo, naye ananyamaza hivyohivyo. Wewe nani hata akujibu?"

"Basi amri ni ya nani sasa, Indo'?"

"Usiniulize. Mimi namuuguza tu."

Siku ya mazishi Sampe aliimba kuzaliwa kwa Puang. Alipofika ukubwani, kwenye miaka ya zile amri, akakatiza. Duara likaendelea kuyumba, likimngoja. Akarudi utotoni: mtoto aliyeogopa radi, mtoto aliyelilia mgongo wa mama. Watu wakalia. Sampe naye akalia, bila kujua anamlilia Puang au Rante.

"Umemwimba nani?" Indo' Limbong alimwuliza baadaye.

"Sijui, Indo'."

"Kamlete kaka yako. Wakikuuliza, sema Puang aliruhusu."

"Aliruhusu lini?"

"Tena unaniuliza mimi?"

Mpaka leo sielewi kama ule ulikuwa ukarimu wa mama yule, au amri ilikufa pale damu ya nyati ilipomwagika. Sampe naye hakuelewa. Alijifunga sarong yake vizuri, akaenda kuulizia basi la Makassar.